Ndevu Nyeusi za Baba

Juzi, katika duka la vipodozi pale Msamvu, mwanamume mzima alinusa chupa tano za mafuta ya ndevu, akamuuliza muuzaji ipi itamrudishia ujana. Nilisonya.

Baba yangu alitumia piko, ile rangi nyeusi ya nywele. Alasiri moja nikiwa mtoto alikaa uani kwetu milimani, akijipaka ndevu kwa mswaki mkuukuu, mimi nikimshikia kioo. Ile harufu kali ilinitoa machozi. Kesho yake nilikuwa napokea komunyo ya kwanza.

"Baba, unajipendezesha kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, mama. Inua kioo."

Nilikiinua kwa fahari. Piko ilipomchuruzika shingoni, akavuta kitambaa kilichokuwa karibu kwenye kamba, akajifuta. Kilikuwa shela yangu nyeupe.

Mama aliisugua kwa limao, doa likagoma. Nikapanda altareni nalo kichwani, nikimtafuta baba kwenye mabenchi. Kumbe alikuwa Gairo, anaoa mke mwingine, ndevu nyeusi tii.

Yule bwana wa Msamvu alipojaribu mafuta kidevuni, mimi niliangalia tu anafutia wapi mikono.