Uongo Niliousema Chini ya Mti wa Mjomba

Niite mlevi ukitaka, lakini siku hiyo nilikuwa nimekunywa chai tu, na jua lilikuwa utosini. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, katika msitu wa Ugalla, miaka ya tisini mwanzoni, nikizurura na mjomba wangu Maganga, mrina asali.

Mjomba alikuwa ameenda kukagua mizinga. Nilibaki kambini, chini ya mti ambao mizizi yake aliwachemshia walioumwa na nyoka. Watu waliufuata hata kutoka Mpanda mjini. Akatokea mzee mmoja, peku, kaptura ya kaki, kwapani mbao mbili zilizofungwa kamba, katikati yake magazeti yenye majani makavu.

"Mwanangu, mti huu unaitwaje? Unatibu nini?"

Nikashtuka. Mizinga yetu haikuwa na kibali. Nani hutembea porini akiuliza habari za miti, kama si mpelelezi wa maliasili?

"Nani kakutuma, babu?"

"Mzungu wangu, bwana wa serikali. Amelala hemani kule. Mimi si wa huku, nilitoka Kongo na mizigo yake. Natembea, nachuma, nauliza. Kwenye karatasi anaandika jina lake yeye, si langu."

Mzungu wa serikali, miaka thelathini baada ya uhuru? Nikacheka. "Huo hauna jina. Ni kuni tu, hautibu hata kikohozi."

Akaandika polepole. Akachuma tawi, akalibana kwenye mbao zake, akapita katikati ya majivu ya moto wetu, akaenda zake. Niamini: majivu yalibaki vilevile, hayana hata alama ya kidole.

Mjomba aliporudi nikamsimulia huku nikicheka. Hakucheka.

"Mjinga wewe! Babu yangu naye alimdanganya huyohuyo kuhusu mti wa homa, akidhani anatafutiwa kodi, na tangu siku hiyo mti ule haukutibu tena. Akiandika, ndiyo imeshakuwa."

Nilisadiki? Wapi! Mwezi haukuisha, kifutu akamuuma mjomba mguuni. Nikachemsha mizizi ileile, sufuria mbili nzima. Haikusaidia kitu. Leo mjomba anatembelea gongo, na ule mti tulishaukata, tukapikia ugali.

Tangu hapo nimezunguka, Kapalamsenga mpaka Mpimbwe, nikimtafuta yule mzee anifutie uongo wangu. Sijamwona. Ukikutana naye wewe, mwambie ukweli, hata kama unamshuku. Na kabla hajafunga mbao zake, muulize yeye anaitwa nani, uliandike jina lake mahali. Mimi sikumuuliza.