Watu wa Hadithi ya Zefania

Zefania alipoletwa Mbwera kuwa mganga wa zahanati, hakunianza na habari za asubuhi. Alisimama mbele ya jiko langu akasema, "Mke wangu, nipe vitumbua." Nikamjibu kwamba mume wa kwanza niliachana naye kwa uvivu, na wa pili simtaki mla michembe, viazi vikavu vya kwao, kwa hiyo alipe aondoke. Akacheka, nami nikacheka, na waliokuwa wanasubiri mashua wakacheka. Yeye Mnyamwezi wa Urambo, mie Mndengereko, na makabila hayo ni watani tangu babu zake walipokuwa wanateremka pwani na mizigo vichwani. Mtani akikutukana huna haki ya kununa. Akikuita mke, huna haki ya kuamini.

Hapo pa kuamini ndipo shida yangu ilipoanza, nami nitaisema waziwazi, maana umri wa kuona haya umenipita. Kabla mwaka haujaisha nilikuwa namtaka yule mwanamume. Namtaka kweli, mpaka nikisikia mlango wa zahanati unafunguliwa moyo unanipasuka. Nilichotaka kujua ni kimoja tu: katika hizo "mke wangu" zote alizonirushia, ilikuwamo hata moja ya kweli? Sasa mtani utamuulizaje? Ukimuuliza kwa dhati atakujibu kitani, halafu utabaki umesimama pale kama mlingoti.

Mwenyewe alikuwa mtu mrefu, mtoto wa mfuga nyuki, amelelewa na wamisheni, ana adabu na wagonjwa na hana adabu na mtu mwingine yeyote. Kuendesha mtumbwi hakujua. Kusoma alijua mno, na hicho ndicho kilichomponza.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, vitu vimefunguliwa. Kibiti sabuni imerudi madukani, mitumba imejaa, na magazeti yanaanguliwa kila wiki kama vifaranga. Kwetu huku visiwani, mto unapoingia baharini, magazeti hayakuja ya kusomwa, yalikuja ya kufungia. Kaka yangu Miraji, mwenye duka Kibiti, alikuwa ananiletea bunda la makuukuu, nami nafungia vitumbua. Zefania akawa anakula kitumbua huku anasoma karatasi yenye mafuta. Siku moja akakuta hadithi ya msichana Rozi, karani wa Dar es Salaam, anayefukuzwa na tajiri mmoja mwenye magari. Ikaishia Rozi amefungwa kamba juu ya ghorofa, na chini wameandika kwamba itaendelea.

Kesho yake karatasi niliyompa ilikuwa ya matangazo ya mnada. Akaomba apekue bunda langu. Nikamwambia hapa si maktaba. Alikasirika, na hapo hakutania. Akaniambia sina huruma, kuna mtu amefungwa kamba.

Jumapili ile akaja na karatasi zake mwenyewe. Mbwera hapakuwa na kanisa, kwa hiyo Jumapili asubuhi hakuwa na pa kwenda ila kwenye benchi langu. Akakaa, akakohoa, akasoma alivyomfungua Rozi kamba. Gazeti lingemfunguaje hatukujua, wala hatukujali. Zefania alimfungua kwa mkono wa mtu wake, Kapteni Mihambo.

Kapteni Mihambo wa kwanza alikuwa Mnyamwezi, bila shaka. Suti nyeupe, ndondi anazijua, helikopta anaendesha mwenyewe. Ubaya wake ulikuwa mdomo. Akishampiga adui, kabla ya kuondoka lazima ahutubie. "Ewe Rozi, machozi yako ni risasi kifuani mwangu." Tulicheka mpaka chai ikatutoka puani. Mzee Kondo, fundi wetu wa mitumbwi na mtani wake mkubwa kuliko sote, akauliza hiyo helikopta Mnyamwezi anaiendesha au ameibeba kichwani.

Zefania akalipiza. Jumapili iliyofuata Kapteni akawa na mpishi, Mndengereko, jina lake Mwinyimvua, na kazi yake kulala. Kapteni anapigana, Mwinyimvua kalala. Nyumba inaungua, Mwinyimvua kajigeuza upande wa pili. Tukamtoza Zefania kuku. Akatoa, akasema kuku huyo tumpikie Mwinyimvua akiamka.

Sasa tatizo la mtu aliyelala ni kwamba hadithi haiendi naye. Ikabidi aamke kula. Halafu, kwa kuwa ameamka, akasema neno. Kapteni alikuwa amemaliza kuhutubia, adui wote wako chini, Mwinyimvua akafungua jicho moja akauliza, "Na nazi umenunua?" Basi. Jumapili iliyofuata hakuna aliyeuliza habari za Rozi. Watu walikuja kuuliza Mwinyimvua kasema nini.

Nadhani Zefania aliona wivu kwa niaba ya Kapteni wake, maana hazikupita wiki nyingi akamtia Mwinyimvua kinywani mwa mamba. Mzee Kondo akasimama. Akasema hilo halikubaliki: Mndengereko akifa, mtani wake Mnyamwezi ndiye anayekuja msibani kutufanyia vituko na kudai faini, na hapa mtani ndiye aliyeua, kwa hiyo atadai faini kwa msiba alioufanya mwenyewe. Jambo hilo likazungumzwa kwa kirefu. Wakaichukua baiskeli ya Zefania wakaifunga kwa Kondo mpaka marehemu arudi. Akarudi. Ikaonekana mamba alimla mtu mwingine, Mwinyimvua alikuwa amelala juu ya mkoko.

Tangu hapo Mwinyimvua akawa mtu. Akapata mtumbwi, akapata maoni, akapata mashaka ya usiku kama mtu yeyote mwenye watoto. Naye Kapteni akawa anapungua. Helikopta iliangukia mtoni ikashika kutu. Akaja Mbwera kutafuta spea, homa ikamkamata, suti ikaingia tope haikutakata tena. Akajifunza kuendesha mtumbwi, akaanguka mbele ya wanawake waliokuwa wanaosha mchele. Akalima mpunga, viboko wakaula. Yote hayo tulikuwa tumeyaona yakimpata Zefania mwenyewe, hata miongoni mwa wanawake walioosha mchele nilikuwamo. Hotuba zikafupika. Rozi wa gazeti akabaki Dar es Salaam, akawa anatuma salamu za sikukuu, na baadaye hata hizo zikakatika.

Hapo ndipo alipotokea Kidawa. Dada yake Mwinyimvua, ameachika, anauza vitumbua.

Benchi zima likanigeukia. Nikasema huyo si mie, na nilikuwa nasema kweli, maana Kidawa wa kwanza alizungumza kama Kapteni wa zamani. "Ewe Kapteni, moyo wangu watweta." Nikamwambia Zefania hakuna mwanamke wa Mbwera anayesema hivyo huku mikono ina unga wa mchele. Akatoa kalamu.

"Asemeje?"

"Aseme, umenizibia mwanga, sogea."

Akaandika. Basi ikawa kila Jumapili Kidawa anazidi kunisogelea. Akapata ukali wangu. Akapata goti langu bovu. Akawa anaimba akidhani hakuna mtu, na mie nilikuwa nadhani hakuna mtu. Siku moja akasoma kwamba Kidawa akiwa anasikiliza sana husahau kugeuza vitumbua, na mikono yake hubaki hewani kama ya mtu anayeomba dua. Watu wakatazama mikono yangu. Ilikuwa hewani.

Walicheka, nami nilicheka, lakini moyoni nilikuwa nimefurahi na nimekasirika kwa pamoja. Nimefurahi kwa sababu mwanamume asiyekutaka haangalii mikono yako. Nimekasirika kwa sababu kila asubuhi kwenye hadithi Kapteni alimwita Kidawa mke wangu, Kidawa akamfukuza, na benchi likacheka. Nikarudi palepale. Hata huko alikoweza kusema lolote alikuwa anatania.

Kisha serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi. Mashua ikaja na habari kwamba na jina la Zefania limo. Mwisho wa mwezi anakabidhi zahanati, anapewa nauli ya kurudi kwao Urambo. Jioni nikamfuata, nikamkuta anahesabu chupa za dawa. Nikamuuliza, bila mzaha wowote, "Utakwenda?"

Akaiweka chini chupa aliyoishika. Nilimwona anatafuta neno. Halafu akasema, "Mke wangu, utanibebea mizigo?"

Wallahi ningekuwa na bakuli la unga ningemmwagia kichwani. Nilikwenda nyumbani nikalia, nikajiambia basi, Biasha, umejibiwa.

Jumapili ya mwisho nilipika kama kawaida, kwa sababu watu lazima wale. Watu walijaa kuliko siku zote, wengine wamekaa chini. Zefania akaja na karatasi moja tu. Hakuniita mke wangu. Hakuniita chochote. Akakaa, akasoma.

Kapteni Mihambo ameambiwa aondoke. Maji yanajaa, mashua inamsubiri. Mwinyimvua ameshabeba sanduku lake mpaka ufukoni, na hajalala. Kapteni akasema kuna mtu hajamuaga. Akapanda mpaka kwa Kidawa, akabisha hodi, Kidawa akatoka. Hapo sote tukajiweka sawa, maana kwenye nafasi kama hiyo Kapteni wa zamani angehutubia mpaka maji yakauke.

Zefania akasoma, "Kapteni akasema, Bi Kidawa." Akaisogeza karatasi karibu na uso. "Halafu hakusema kitu. Akasimama."

Akaishusha karatasi.

"Endelea," akasema Mzee Kondo.

"Imeisha."

"Hotuba iko wapi?"

"Hana hotuba."

Benchi likaangua kicheko. Walidhani ni utani wa aina mpya, Mnyamwezi kaishiwa maneno. Mmoja akauliza kama kayasahau Urambo. Kondo akapiga paja, akasema huyu Kapteni tangu aanguke mtoni masikio yamejaa maji. Na Zefania hakucheka. Alikuwa ananitazama mie tu.

Nikajua. Miaka yote ile nilikuwa nalitafuta neno la kweli kwenye maneno yake, kumbe angenyamaza tu ningelisikia.

Lakini kujua hakukutosha, maana maji yalikuwa yanajaa kweli na mashua ya kweli ilikuwa inamsubiri. Nikijibu kitani, watacheka, na yeye itambidi acheke, aondoke. Nikilia, watacheka vilevile. Nikisema nakupenda mbele ya watani, ndiyo kwanza watashika mbavu. Pwani hii kila kitu kinataniwa: mke, maiti, njaa. Nikafikiri haraka kuliko nilivyopata kufikiri maishani. Kuna jambo moja ambalo mwanamke hatanii nalo, hata na Mnyamwezi, nalo ni jina la mwanamume mwenye kumwozesha.

Nikaepua karai. Nikafuta mikono kwenye kanga.

"Baba yangu hayupo," nikasema. "Anayeniozesha ni kaka yangu Miraji. Yuko Kibiti. Usiende mwenyewe, utume mtu mzima, na asiende mikono mitupu. Habari ya dini mtaizungumza naye huko."

Kicheko cha Mzee Kondo kilikuwa kimefika katikati, kikakatika. Nilisikia mafuta yanapoa kwenye karai. Nilikuwa naogopa, lakini sikurudisha neno.

Zefania akasimama. Alikuwa na nafasi ya kujibu chochote, na mie nilimjua kwa majibu. Akamgeukia Mzee Kondo, aliyemfungia baiskeli, aliyemtoza kuku wasio na idadi, akamwambia kwa sauti ndogo, "Mzee wangu, sina ndugu huku. Naomba uniendee."

Kondo akamtazama, akanitazama na mie. Naye angeweza kutania, na ingekuwa haki yake. Akavua kofia, akaikung'uta, akaivaa vizuri.

"Bi Biasha," akasema, "ndugu yetu Miraji anafunga duka saa ngapi?"

Nikamwambia anafunga magharibi, lakini wasingoje kesho, mashua ipo.