Michirizi ya Upande wa Kushoto

Siku niliyomwona kwa mara ya kwanza alikuwa amesimama kando ya barabara na mteja wake, amemshika kidevu, anamgeuza kichwa kuelekea jua. Mteja alikuwa na taulo shingoni. Gari likapiga honi, yeye hana habari.

"Jirani mpya ni mwendawazimu," nikamwambia mke wangu.

"Mwendawazimu mwenye mikono laini," akajibu, akacheka.

Nikajiuliza mikono ya mwanamume yule ameitazama saa ngapi.

Mimi ni fundi viatu. Mke wangu hukaa mbele, kwenye meza iliyo dirishani, akipokea viatu. Mimi nipo nyuma yake na nyundo. Kati yetu na saluni ya jirani kuna ukuta wa mbao, na mbao hazifichi siri. Jirani tulimwita Jua Kwanza, kwa sababu hakumpaka mtu rangi kabla ya kumtoa nje. Taa ni mwongo, alikuwa akisema, jua kwanza. Alikuwa mwembamba, vidole vina madoa ya dawa, na aliongea na wanawake bila kigugumizi. Alilelewa katikati ya dada sita, na yeye ndiye aliyewachana nywele asubuhi. Mimi mteja wa kike akinisemesha, natazama kiatu chake.

Wiki ileile nikasogeza kabati la viatu mpaka dirishani. Nilimwambia mke wangu ni kwa sababu ya nafasi.

Kiangazi kilipoingia, mke wangu akaanza kwenda saluni "kuuliza tu". Nywele zake ni za kahawia, na alisema mwaka huu zimepoa kama chai iliyosahauliwa. Alitaka michirizi ya rangi, lakini mtu akiiona adhani ni kazi ya jua. Nikawa nasikia kupitia mbao kicheko ambacho nyumbani sijakisikia tangu watoto wahame. Nikagongelea misumari viatu visivyohitaji msumari. Akirudi, ni Jua Kwanza anasema hivi, Jua Kwanza anasema vile. "Jua Kwanza anasema ngozi yangu ni ya asali," akaniambia.

Asali! Na mimi miaka yote hii nilikuwa nalamba nini?

Mwanamke hajipambi kwa ajili ya mtu anayemwona kila siku. Ndivyo nilivyojiambia, na usingizi ukanikimbia.

Mchana mmoja nikasikia wakibishana. Mke wangu alikuwa amechagua rangi ya dhahabu kwenye picha.

"Hiyo ni ya kitasa cha mlango, dada yangu," Jua Kwanza akasema. "Niambie, zamani jua lilikuwa likikuchoma nywele wapi?"

"Nitajuaje? Nina macho kisogoni?"

"Basi nani anakiona kisogo chako?"

Halafu mke wangu akapiga ukuta kwa kiganja. "Baba watoto! Njoo!"

Niliingia na nyundo mkononi. Jua Kwanza akaitazama. "Shemeji, tuongee kwanza, tusiuane."

Wanawake waliokuwa wakisubiri wakaangua kicheko. Nikatamani sakafu inimeze. Lakini mke wangu alikuwa amenipa kisogo, anangoja, na kisogo kile nakijua kuliko kiganja changu.

"Kushoto," nikasema. "Nyuma ya sikio, kushuka mpaka shingoni. Kulia hakuna kitu. Na si dhahabu. Kiatu cha kahawia, pale kinapokunjika, ngozi hupauka kidogo. Rangi ile."

Mke wangu akageuka. "Kumbe huwa unaniangalia?"

"Nitaangalia nini kingine?"

"Na mbona mwaka huu jua halikumfikia?" Jua Kwanza akauliza.

"Tumeweka kabati dirishani," mke wangu akasema.

Jua Kwanza akanitazama kidogo, akachukua brashi. Nilisimama pale hadi mwisho, nikihesabia kila kidole chake makosa. Wivu hauponi kwa siku moja. Lakini alipomaliza, mke wangu alikipita kioo, akaja mbele yangu, akauliza, "Ndivyo zilivyokuwa?"

"Ndivyo."

Wiki nzima wateja walimuuliza alikwenda kupumzika wapi. Hakuna aliyetaja rangi.

Kabla mvua hazijaanza, Jua Kwanza akapata saluni mji mwingine. Alileta viatu vyake nivitie soli. Visigino vilikuwa vimelika upande mmoja, kama vya kila mtu anayefanya kazi amesimama. Nilivishona kwa uzi wa mara mbili, sijui kwa nini. Alivivaa, akapigapiga mguu sakafuni, akanipa mkono. Mlangoni akageuka.

"Shemeji, mimi ndiyo naondoka. Sasa sogeza kabati, dada yangu apate jua."