Mngurumo Chini ya Meli ya Makaa

Kaka yangu Aidarus alikuwa mzamiaji wa Kilindini, mkwanguaji wa makombe yaliyoganda matumboni mwa meli. Chuo hakukimaliza, lakini alikuwa na masikio. Akitia kasia majini na mpini sikioni, akwambia: hawa samaki, hiyo rafadha, panga la meli, yaja.

Siku moja wazamiaji wakasikia mngurumo chini ya meli ya makaa, wakakataa kuzama. Mmoja akasema nyangumi. Serahangi wao, msimamizi wa kazi, Mzee Bakathir, akasema, "Ni jini, yuwataka damu." Akachinja beberu mweusi, akamtupa majini.

Aidarus akasikiliza tena kwa kasia. "Mzee, jini wako amevaa chuma," akasema. "Ni mnyororo wa nanga wabururwa mwambani. Nanga haijashika. Maji yakijaa, meli itahama itubane na mwamba. Mwambie nahodha."

"Tangu lini umekuwa mwanachuoni? Jini keshakula! Zama, au nikutafutie buibui la mamako?"

Wenzake wakaangua kicheko. Basi akazama, mjinga yule, kwa ajili ya kicheko tu. Maji yakajaa, meli ikahama, ikambana na mwamba.

Matangani Bakathir akamwambia mama, "Jini alimpenda, bibi. Beberu hakumtosha. Ridhika."

Nikamkamata kanzu kifuani. "Nanga ndiyo iliyomuua, na wewe uliambiwa! Sema mbele ya mama kwamba uliambiwa!"

 Wazee wakanitoa mimi nje, nyumbani kwetu wenyewe, wakamtilia yeye kahawa.