Mlango wa Zedekiah

Zedekiah wa Donholm, seremala mstaafu wa reli, hana subira na kazi mbovu. Ndiyo maana mdogo wake Austine alipomtumia picha ya nyumba aliyomjengea kwao Siaya, hakuona mabati mapya wala saruji. Aliona mlango tu.

"Mama Frankline, hebu njoo!" alimwita mkewe, Phelister. "Nyumba ya vyumba viwili, mlango mpana hivi, unafunguka pande mbili! Wanataka kunipitishia kabati?"

Phelister alitazama, akamrudishia simu. Wote wawili walijua. Kwao mwanamume hazikwi bila kuwa na nyumba bomani, na miaka yote ya Nairobi Zedekiah hakuwahi kujenga. Ndugu waliposikia ana saratani ya mirija ya nyongo, tena imekumbatia mishipa ya damu hata haiwezi kupasuliwa, wakakimbilia kujenga. Mlango ule ulipimwa upana wa kupitisha jeneza.

Eti jeneza! Ilimuuma, akalia kidogo mbele ya mkewe. Kisha akatoka uani, akachukua randa.

Daktari Lorraine alikuwa amemweleza waziwazi: kemo ya kuudhoofisha uvimbe, dawa nyingine ya kuamsha kinga ya mwili imtambue adui, na mionzi ya kulenga pale pale ulipo. "Siahidi kupona, mzee. Nasema njia ya kupigana tunayo."

"Basi tupigane, daktari."

Baada ya kemo alitapika, akamgombeza kila aliyemwonea huruma. Akipata nguvu, alichonga mlango wa mvule, mwembamba, akipima kwa mabega yake mwenyewe.

"Baba Frankline, si ungengoja majibu ya picha za hospitali kwanza?" Phelister alimsihi.

"Majibu yatanikuta kazini."

Yakamkuta kweli, mlango umebaki bawaba tu. Uvimbe ulikuwa umesinyaa karibu nusu. Haukuwa umeisha, na matibabu yangeendelea, ila daktari alimruhusu kwenda nyumbani wiki moja. Phelister alipiga vigelegele katikati ya hospitali, bila haya.

Jioni Zedekiah akampigia Austine.

"Kesho nakuja na mlango wangu. Huo wenu ng'oeni, mzibe pengo kwa matofali mpaka ubaki upana wa mtu mmoja."

"Mtu mmoja vipi, kaka?"

"Mtu mmoja aliyesimama, Austine."