Mizimu Iliyofungia Karanga

Enzi zetu pale mtaani Kikula, sisi watoto wa Likasi, kule Kongo, tuliokua wakati mishahara ya kiwandani ilipokoma, mzimu haukuwa kitu cha kutoka damu. Mzimu ulikuwa mlango unaosikika ukifungwa ndani ya nyumba isiyo na mtu. Tulijua hivyo kwa sababu ya Papa, baba yetu. Alikuwa amekaa nyumbani bila kazi, na kitabu kinene cha Kifaransa, hadithi za mizimu za wazungu wa mwanzoni mwa karne ya ishirini, alichookota siku maktaba ya klabu ya wafanyakazi ilipotupwa nje.

Alitusomea alasiri barazani, harufu ya karanga ikitoka jikoni kwa Mama. Alisoma Kifaransa kimoyomoyo, kisha akatusimulia kwa Kiswahili chetu. Waandishi wale nawapenda mpaka leo. Walikuwa na subira. Walikueleza kwanza mvua, chai, mjomba aliyerithi nyumba, ukasahau kama kuna kitu unasubiri. Halafu kiti kinasogea kidogo. Kaka yangu Ilunga akimharakisha, Papa alimjibu, "Muzimu haiko na haraka, mwana."

Shida ilikuwa karatasi. Mama ndiye aliyetulisha, akiuza karanga za kukaanga sokoni, na karanga hufungwa katika karatasi iliyokunjwa kama pembe. Karatasi zenyewe hazikupatikana. Mama alikitazama kile kitabu kama anavyotazama kuku mnene. Tena kwenye maombi walishamwambia kwamba vitu vya mizimu havifai nyumbani mwa Mkristo. Wakapatana: Papa akimaliza hadithi, Mama anaichana. Basi kila hadithi tuliisikia mara moja tu, na tulisikiliza kwelikweli, hata kikohozi tulikimeza. Vijana wa leo wanasimamisha filamu wajibu ujumbe, kisha wanalalamika kwamba haikuwatisha.

Kitabu kikapungua hadi hadithi ya mwisho, ya mjane anayesikia marehemu mumewe akipanda ngazi kila jioni. Papa aliivuta makusudi, akijua hakuna nyingine. Asubuhi moja Mama alibeba beseni lake, karatasi zimeisha. Bila kuuza, hakuna bukari, ugali wetu. Papa akamnyooshea kitabu.

Mama alikitazama, akakirudisha. "Apana, Papa Ilunga. Miye niko nataka kujua kama ule bibi atafungula mulango."

Kumbe siku zote alikuwa anasikiliza toka jikoni. Siku ile aliuza karanga mikononi mwa watu, akiwamiminia kwenye viganja, nao wakamcheka. Alirudi mapema, akaketi nasi. Papa akasoma mpaka mwisho. Yule bibi alifungua mlango. Kisha Papa akazichana kurasa zile mwenyewe, akazikunja vizuri, akampa mkewe.

Leo hadithi zile zote zimo kwenye simu. Juzi niliitafuta ile ya mjane, nikaipata, nikawasomea wanangu. Wakaniuliza mzimu wenyewe uko wapi, wakaondoka. Nikabaki na Mama, mzee sasa. Papa tulishamzika miaka mingi iliyopita. Nikaendelea kumsomea yeye. Nilipofika pale mume anapopanda ngazi, akanishika mkono.

"Acha kwanza apo, mwana. Muache apande polepole."

Zamani alikubali kuchekwa soko zima ili ausikie mlango ule ukifunguliwa. Sasa hataki nifike mwisho. Nikazima simu, tukakaa naye barazani, akisikiliza kama anayesubiri hatua za mtu.