Mchicha wa Kiwanda cha Betri

Leo nimepewa majibu ya udongo hata kabla sijauchimba.

Niko Temeke, kwenye kiwanda cha betri kilichofungwa zamani. Nimekuja kupima kama udongo na maji ya kisima vina sumu ya betri, maana mwenye eneo anataka kujenga nyumba za kupangisha.

"Udongo msafi huu. Mnapoteza muda tu," akaniambia mwenye eneo.

Sawa, profesa.

Mara mlinzi, mzee wa watu, akaja na fungu la mchicha alioulima palepale nyuma ya kiwanda. Akampa bosi wake, huyohuyo mwenye eneo.

Bosi akarudi nyuma hatua mbili.

"Aa, mzee, sie mboga tunanunuaga Mbezi."

Udongo msafi huo, jamani.

Mzee akanigeukia mie. "Basi chukua wewe, mwanangu. Wajukuu zangu wanaupenda kweli."

Nyie mngemjibuje?